Dakika Kumi na Moja na Ngazi ya Kupandia

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Jeshi la Anga la Kanada lilikuwa na tatizo ambalo ndege mpya zisingeweza kuliondoa. Takriban theluthi moja ya marubani wake walihesabiwa kuwa hawana afya ya mwili inayotakiwa kwa kazi ya kurusha ndege. Wengi walipangiwa vituo vya mbali kaskazini, kwenye baridi kali na usiku mrefu, mahali pasipo na ukumbi wa mazoezi, vyuma wala njia ya kukimbilia. Kazi ya kutafuta suluhisho alipewa Bill Orban, mtaalamu wa elimu ya viungo. Alichokuja nacho hakikuhitaji kifaa hata kimoja: mazoezi matano, dakika 11 kwa siku, pembeni ya kitanda cha rubani.

Mpango ule uliitwa 5BX. Zoezi la kwanza, la kuinama na kujinyoosha, lilipewa dakika 2. La pili lilikuwa kulala chali na kuinua kiwiliwili, dakika 1. La tatu, kulala kifudifudi na kuinua kifua na miguu, dakika 1. La nne, pushapu, dakika 1. Dakika 6 zilizobaki zilikuwa za kukimbia papo hapo, na kila baada ya hatua 75 mtu aliruka mara kumi kabla ya kuendelea. Wanawake nao waliandaliwa mpango wao, XBX, wenye mazoezi kumi na dakika 12. Vijitabu hivyo viliuzwa kwa raia, vikatafsiriwa katika lugha 13, na nakala zaidi ya milioni 20 zikanunuliwa.

Tangu wakati huo kila kizazi kimeuziwa idadi yake ya dakika. Mwaka 2013 wakufunzi wawili wa Marekani, Brett Klika na Chris Jordan, walichapisha mfululizo wa mazoezi 12 unaohitaji kiti, ukuta na dakika zipatazo 7, nao ukaenea duniani kote kwa jina la mazoezi ya dakika saba. Leo kwenye simu kuna video za dakika 5, za dakika 4, na za kumaliza kitambi kwa siku 30. Mashindano ni ya nani atatumia muda mfupi zaidi. Lakini ukikisoma kijitabu cha Orban kwa makini utaona kwamba ufupi wa muda ni sehemu nyepesi ya mpango wake. Sehemu nzito ni ngazi. Dakika 11 mtu yeyote anaweza kuzipata. Kukubali kuanza chini kuliko uwezo wake, na kupanda pale tu mwili unaporuhusu, ndilo jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kufundishwa.

Ngazi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na chati sita, na kila chati ilikuwa na madaraja 12, kuanzia D- mpaka A+. Kila mtu, awe mnene au mwembamba, mzembe au mcheza mpira, alianzia daraja la chini kabisa la chati ya kwanza. Hakuruhusiwa kupanda mpaka amalize idadi yote ya daraja lake ndani ya muda uliowekwa, bila maumivu na bila kuhema kupita kiasi. Na hata akiweza, kulikuwa na siku za chini kabisa za kukaa kwenye kila daraja kulingana na umri: siku 1 kwa aliye chini ya miaka 20, siku 2 kwa wa miaka 20 hadi 29, siku 4 kwa wa miaka 30 hadi 39, siku 7 kwa wa miaka 40 hadi 49, siku 8 kwa wa miaka 50 hadi 59, na siku 10 kwa aliyefikisha 60.

Piga hesabu. Kijana wa miaka 25 anamaliza chati ya kwanza kwa siku 24. Mzee wake wa miaka 45 anahitaji siku 84, yaani wiki 12, kumaliza chati ile ile. Katika kipindi hicho chote muda wa mazoezi hauongezeki hata dakika moja. Kinachoongezeka ni kazi inayofanyika ndani ya muda ule, kwanza kwa idadi, kisha kwa zoezi lenyewe kubadilika. Pushapu ya chati ya kwanza inafanywa magoti yakiwa chini. Chati za juu zinadai pushapu kamili, na chati ya tano inamtaka mtu ajirushe kutoka sakafuni na kupiga kofi kabla mikono haijarudi chini. Kati ya pushapu ya magoti na ile ya kupiga kofi kuna miezi mingi, na kila siku ya miezi hiyo ina hatua yake iliyoandikwa.

Masharti haya yanaendana na jinsi mwili unavyojengeka. Katika wiki za kwanza za mazoezi nguvu huongezeka haraka, lakini misuli yenyewe haijakua kiasi cha kuonekana. Kinachobadilika kwanza ni mfumo wa fahamu: ubongo unajifunza kuziita nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa pamoja na kuzipanga zifanye kazi kwa mpangilio. Baada ya wiki kadhaa ndipo nyuzi za misuli zinapoanza kunenepa. Kano zinazofunga misuli kwenye mifupa huja nyuma zaidi, kwa sababu damu inayozifikia ni kidogo, na mifupa huchukua miezi. Kwa hiyo kuna kipindi cha hatari ambapo mtu anajisikia ana nguvu mpya, ilhali bega, kiwiko na goti lake bado havijaufikia uwezo wa misuli. Wengi huumia katika kipindi hicho.

Kuna pia maumivu ya misuli yanayofuata kazi ambayo mwili haujaizoea. Hayaji siku ile ile. Huanza kesho yake na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Anayepiga pushapu 100 Jumatatu kwa sababu amekasirishwa na picha yake mwenyewe, Jumatano hawezi kuinua mkono kuchana nywele. Alhamisi anapumzika, Ijumaa ana kazi nyingi, na wiki inayofuata zoezi limeshaingia kwenye orodha ya mambo aliyowahi kujaribu. Watu husema alikosa nia. Nia alikuwa nayo nyingi, akaimaliza yote siku ya kwanza.

Upande wa pili kuna anayepiga pushapu 20 kila asubuhi kwa miaka mitatu. Huyu anastahili heshima, kwa kuwa kudumu ni kazi. Lakini mwili wake uliizoea kazi ile miezi mingi iliyopita na hauna tena sababu ya kubadilika. Anatunza alichonacho. Akitaka zaidi lazima aupe mwili kazi ambayo haujaizoea, na hapo ndipo watu husema kwamba mazoezi bila vyuma yana kikomo, kwa kuwa uzito wa mwili ni ule ule kila siku.

Uzito ni ule ule, ila sehemu ya uzito inayoikalia misuli inategemea namna mwili ulivyowekwa. Watafiti wamewahi kuwapima watu wakiwa kwenye pushapu juu ya mzani maalumu wa sakafuni. Katika pushapu ya kawaida mikono hubeba takriban asilimia 64 ya uzito wa mwili. Magoti yakiwekwa chini, mzigo hushuka hadi asilimia 49. Mikono ikiwekwa juu ya kitu chenye kimo cha sentimita 60, kama meza fupi imara, mzigo ni asilimia 41 tu. Miguu ikipandishwa kimo hicho hicho na mikono ikabaki sakafuni, mzigo unafika asilimia 74. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni ngazi ya kutoka kilo 29 mezani, kilo 34 magotini, kilo 45 sakafuni, hadi kilo 52 miguu ikiwa juu. Na daraja lililo chini ya lile la meza ni la ukuta, ambao mtu aliyetoka kuugua anaweza kuanza nao akiwa amesimama.

Ngazi hiyo ina maana pale tu kila pushapu inapokuwa pushapu. Viganja vinakaa chini, pana kidogo kuliko mabega. Viwiko havitanuliwi pembeni kama herufi T. Vinaelekea nyuma kwa mshazari ili bega lisibanwe. Makalio yamekazwa na tumbo limevutwa ndani, mwili ukiwa umenyooka kutoka kisigino hadi kisogo. Unashuka taratibu kwa muda wa kuhesabu hadi mbili au tatu, kifua kinakaribia sakafu, kisha unasukuma juu huku unatoa pumzi. Kiuno kikianza kubonyea kuelekea chini, tumbo limechoka kabla ya mikono, na hiyo ndiyo pushapu ya mwisho ya siku hiyo hata kama hesabu haijatimia. Nane za namna hii zina kazi ndani yake kuliko thelathini za kutikisa kichwa. Aliyezoea za kutikisa kichwa ataona hesabu yake imeporomoka, na ni vizuri akubali, maana hesabu ya zamani haikuwa ya pushapu.

Kuchuchumaa kuna ngazi yake pia, na kwa watu wa kwetu kuna jambo la kuangalia kwa makini. Bibi aliyepika kwenye mafiga, akafua kwenye beseni na kutumia choo cha shimo, alichuchumaa mara nyingi kwa siku katika maisha yake yote bila kuyaita mazoezi. Mjukuu wake aliyepanga chumba Sinza au Buruburu ana jiko la gesi lenye kimo cha kiuno, choo cha kukaa, kiti ofisini na kiti kwenye daladala au matatu. Anaweza kumaliza wiki nzima bila kukunja magoti yake mpaka mwisho. Akifika miaka 40 anashangaa kwa nini kuinuka kutoka kwenye mkeka kunamtaka ashike ukuta. Kazi iliyokuwa inamtunza bibi imeondoka nyumbani, na hakuna kitu kilichowekwa mahali pake.

Anayeanza upya aanze na kiti. Akae, ainuke bila kusukuma kwa mikono, akae tena polepole bila kujitupa. Akimudu mara 15 bila shida, kiti kibadilishwe na stuli fupi, kisha kigoda, kisha asikae kabisa bali aguse tu na kuinuka. Baadaye mguu mmoja urudishwe nyuma ili ule wa mbele ubebe sehemu kubwa zaidi. Nyayo zikae chini zote na magoti yafuate uelekeo wa vidole. Kutoka kitini hadi kuchuchumaa kamili kwa mguu mmoja kuna kazi ya kumtosha mwanariadha, na haijanunuliwa hata kilo moja ya chuma.

Kwa nini basi jambo lisilo na gharama linatushinda? Sababu moja tuliipata shuleni. Mtoto wa Tanzania alianza siku kwa mchakamchaka, akikimbia kwa mstari na nyimbo alfajiri, na hilo lilikuwa jambo jema: watoto wote wanakimbia pamoja na hakuna anayechekwa. Lakini mtoto yule yule alichelewa namba, akaambiwa aruke kichura kuzunguka uwanja. Alipiga kelele darasani, akaambiwa apige pushapu 20. Hakuonyeshwa namna ya kuweka mabega wala kuanza na tano. Alihesabiwa huku wenzake wakitazama. Kwa miaka saba, na zaidi kwa aliyepita jeshini, mwili ulijifunza kwamba pushapu na kichura ni malipo ya kosa, kwamba anayehesabu ni mtu mwingine, na kwamba zoezi limekwisha pale unaposhindwa kuinuka. Mtu mzima anapoamua kujirekebisha anarudia alichofundishwa: anajiadhibu. Siku ya kwanza anajipa hesabu ya adhabu kwa ajili ya kitambi, na mwili unakimbia adhabu kama ulivyokuwa ukiikimbia shuleni.

Sababu ya pili ni kwamba tumeyafanya mazoezi kuwa tukio. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais wa Tanzania, alizindua kampeni ya kitaifa dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kuwa siku ya mazoezi. Mwaka huo huo jiji la Kigali lilianza kufunga baadhi ya barabara zake kwa magari siku maalumu ili watu watembee, wakimbie na kuendesha baiskeli. Vikundi vya jogging vya Dar es Salaam vinajaza barabara mwishoni mwa wiki, na vimewapa watu marafiki, nidhamu na hata msaada wakati wa msiba. Hayo yote ni mazuri na yanafaa kuongezwa. Haja ilionekana wazi kwenye utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, ambao uliwakuta takriban robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na shinikizo la juu la damu. Lakini siku moja kwa mwezi haiwezi kuujenga mwili unaokaa kitini siku nyingine zote. Inaweza kumkumbusha mtu. Kinachojenga ni kile anachofanya Jumanne asubuhi wakati hakuna fulana ya kikundi wala muziki.

Kuna pia watu ambao tukio la barabarani haliwafikii kabisa. Mama mwenye mtoto mchanga, msichana ambaye hawezi kutoka alfajiri gizani kwa usalama wake, mwanamke wa Mombasa au Unguja ambaye hapendi kurukaruka mbele ya macho ya wapita njia, mlinzi anayelala mchana, mzee anayeona haya kuonekana akihema. Kwao mazoezi ya chumbani ndiyo njia halisi iliyopo. Nafasi inayohitajika ni urefu wa mkeka mmoja. Mlango unafungwa, na hakuna anayejua kama leo ni daraja la kwanza au la ishirini. Faragha hiyo ina thamani kubwa, kwa sababu mtu asiyetazamwa anaweza kuanza chini bila aibu.

Swali la haki ni kama muda huo mfupi unatosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 hadi 150 za shughuli nzito, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi kwa wiki. Mwongozo huo uliondoa sharti la zamani kwamba shughuli lazima idumu dakika 10 mfululizo ndipo ihesabiwe. Sasa kila dakika inahesabika. Dakika 11 kwa siku saba ni dakika 77, ambazo zinagusa kiwango cha chini cha shughuli nzito. Ila tuwe wakweli: katika 5BX ni zile dakika 6 za kukimbia tu ndizo zinazopandisha mapigo ya moyo kwa uhakika, na kwa wiki hizo ni dakika 42. Upande wa misuli mpango unatosheleza. Upande wa moyo na mapafu unahitaji nyongeza, na nyongeza iliyo rahisi kuliko zote ni miguu: kushuka kituo kimoja kabla, kwenda sokoni kwa kutembea, kupanda ghorofa bila lifti.

Nyongeza hiyo ndogo ina uzito wake. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walikusanya matokeo ya machapisho 196 yenye washiriki zaidi ya milioni 30. Waliokuwa wakipata dakika 75 kwa wiki za shughuli za wastani, yaani karibu dakika 11 kwa siku, hatari yao ya kufa mapema ilikuwa pungufu kwa asilimia 23 ikilinganishwa na wasiofanya chochote. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha mambo yanayoandamana na hauwezi peke yake kuthibitisha chanzo, kwa sababu wenye afya njema ndio pia wanaoweza kutembea. Hata hivyo unakubaliana na yale yanayojulikana kuhusu moyo na mishipa ya damu, na ujumbe wake kwa mtu anayeanza sifuri ni wa kutia moyo: faida kubwa kuliko zote hupatikana katika hatua ya kutoka sifuri kwenda kidogo.

Tahadhari inahitajika kwa wale wanaouza dakika 4. Wanamtaja Izumi Tabata wa Japani, ambaye mwaka 1996 alichapisha jaribio la sekunde 20 za kazi na sekunde 10 za kupumzika, mara saba au nane. Kilichoachwa kwenye matangazo ni kwamba vijana wale walikuwa wanamichezo, walikuwa juu ya baiskeli ya maabara, na kasi yao ilipangwa ili mwishoni wawe wameishiwa kabisa. Kuruka kidogo sebuleni kwa dakika 4 ni kitu kingine. Hata Klika na Jordan walishauri mfululizo wao urudiwe mara mbili au tatu na ufanywe kwa nguvu kiasi cha kumkosesha mtu raha. Muda ukifupishwa sana, ukali lazima upande, na ukali ndio usiomfaa anayeanza. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kufanya kitu achague dakika nyingi kidogo na kazi nyepesi, asubiri miezi, kisha apandishe ukali.

Mpango wa Orban nao ulikuwa na kasoro ambazo elimu ya baadaye imezionyesha. Kulala chali miguu ikiwa imenyooka na kuinuka kwa kasi kunaelemea mgongo wa chini. Leo wengi hushauri kushikilia mwili kwenye viwiko na vidole vya miguu, tumbo likielekea sakafuni, kwa sekunde chache zinazoongezwa kila wiki. Kuinama na kugusa vidole kwa kujirusha hakumfai mwenye matatizo ya pingili. Na katika mazoezi yale yote matano hakuna hata moja la kuvuta. Mtu anasukuma, anakunja, anakimbia, lakini misuli ya katikati ya mgongo inayorudisha mabega nyuma haipati kazi ya kutosha, na hiyo ndiyo inayolegea kwa anayeinamia simu na kompyuta. Dawa yake ni bomba imara au tawi la mwembe la kuning'inia, au meza nzito unayoingia chini yake, ukashika ukingo na kujivuta huku visigino vikiwa sakafuni. Kabla ya kuamini meza, ijaribu.

Kupungua uzito ni ahadi nyingine ambayo haipaswi kutolewa. Dakika 11 huchoma nishati ndogo kuliko iliyomo ndani ya chapati moja. Kitambi kinahusu zaidi sahani: ukubwa wa bonge la ugali, mafuta ya kukaangia, soda na sukari ya chai. Anayeanza mazoezi kwa ajili ya mizani peke yake ataacha baada ya mwezi. Anayehesabu kwamba sasa anabeba ndoo hadi ghorofa ya tatu bila kusimama, ana kipimo kinachosema kweli.

Wenye presha, kisukari au umri mkubwa wasiachwe nyuma, ila waanze na mhudumu wa afya. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kwenda mbio bila mpangilio ni sababu ya kuacha papo hapo na kwenda hospitali. Kwa presha kuna habari njema: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023, uliojumuisha majaribio 270, uliona kwamba mazoezi ya kukaza misuli bila kusogea, kama kuegemea ukuta magoti yakiwa yamekunjwa mithili ya mtu aliyekaa, yalishusha presha kuliko aina nyingine zilizolinganishwa, kwa wastani wa milimita 8 za zebaki kwa namba ya juu na 4 kwa namba ya chini. Mtu aendelee kupumua muda wote, kwa kuwa kubana pumzi hupandisha presha, na asiache dawa zake. Kwa wazee ushahidi ni wa zamani zaidi. Mwaka 1990 ilitangazwa kwamba huko Boston wazee dhaifu wenye umri wa wastani wa miaka 90 walifundishwa mazoezi ya nguvu kwa wiki 8, na nguvu za mapaja yao zikaongezeka zaidi ya maradufu. Wao walitumia vyuma chini ya uangalizi, lakini walichothibitisha kinatuhusu sote: msuli wa mzee bado unafundishika.

Kijitabu cha 5BX kilikuwa na maelekezo mengine mawili ambayo video za leo huyasahau. Mtu akifika kiwango kilichowekwa kwa umri wake, mara tatu kwa wiki zinatosha kukitunza. Na akisimama kwa sababu ya ugonjwa au safari, asirudi pale alipoachia. Ashuke madaraja kadhaa na kupanda upya. Sheria hiyo ya kushuka ndiyo inayowaokoa watu, kwa sababu hakuna anayemaliza mwaka bila malaria, msiba, mtihani, mfungo au safari ya kijijini. Asiye na sheria ya kushuka huhesabu kila kukatika kuwa mwisho.

Ndiyo maana naamini mengi yanategemea wale wenye sauti juu ya miili ya wengine. Mwalimu wa michezo aache kutumia pushapu kuwa adhabu, na badala yake amfundishe kila mtoto pushapu ya ukutani, ya mezani na ya sakafuni, ili mtoto atoke shuleni akiijua ngazi. Na zahanati zetu zinapomwambia mgonjwa afanye mazoezi, zisiishie hapo. Hakuna mhudumu anayemwambia mgonjwa wa malaria anywe dawa bila kutaja ni dawa gani, vidonge vingapi na kwa siku ngapi. Mazoezi yaandikwe vivyo hivyo kwenye daftari la kliniki: kuinuka kitini mara 8, pushapu ya ukutani mara 8, kutembea dakika 10, kila siku kwa wiki mbili, kisha mara 10, na ukiugua rudi kwenye 6. Maelekezo hayo yanaenea kwenye mstari mmoja, na mgonjwa anaweza kuyaanza leo akiwa na nguvu alizonazo.